Fundi Mapazia na Mbio za Gizani

Jumapili, 8 Septemba

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wangu utaponza na magoti.

Chakula cha mchana kwa mama mkwe, kama kawaida ya Jumapili. Mwanyumba wangu alikuwepo, yule aliyemwoa mdogo wa mke wangu. Kazi yake kuuza bima. Tabia yake kukaa kitini akiwa ameunyoosha mguu mmoja mbele, ili kila anayepita na sahani auruke na auone. Ana mashavu ya miguu kama mikate miwili. Mimi mashavu yangu yako usoni tu.

Leo ametangaza kwamba amejiandikisha kwenye mbio za baiskeli za usiku. Jumamosi ya tarehe ishirini na moja. Vilima vya msitu wa misonobari, mawe, mizizi, giza totoro, taa kichwani. Mama mkwe akaweka kijiko chini. Akasema huyo ndiye mwanamume. Akasema hata ile hotuba ya wakwe, kwenye sherehe yake ya kutimiza miaka sabini mwisho wa mwezi, inafaa itolewe na mtu wa namna hiyo.

Hotuba! Mimi ndiye mkwe mkubwa. Mimi ndiye niliyeoa kwanza. Hotuba ni haki yangu. Kweli, mara ya mwisho nilipopewa nafasi nilimwita mama mkwe "marehemu" mbele ya wageni. Ulimi uliteleza. Nani hajawahi kuteleza?

Nikasikia sauti ikisema, hata mimi nimejiandikisha. Nikageuka nione ni nani huyo. Ni mimi.

Mama mkwe alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Shemeji, mke wa Mwanyumba, akawa anampigapiga mgongoni. Mwanyumba akanipa mkono na kuniita kaka. Mama mkwe alipopata pumzi akatoa hukumu: atakayetangulia kufika ndiye atakayesema. Wote wakapiga makofi. Mke wangu hakupiga. Aliniangalia kama anavyoangalia kitambaa nilichokwisha kukikata vibaya.

Jumatatu, 9 Septemba

Sasa nimejiandikisha kweli. Anayesimamia mashindano ni mwalimu mstaafu wa mazoezi ya viungo. Mji mzima unamwita Mama Filimbi, maana filimbi haimtoki shingoni hata msibani. Aliniuliza kama nina uzoefu. Nikasema wa miaka mingi. Akauliza wa nini. Nikasema wa mapazia, lakini kazi ile inafanyika juu ya ngazi, na mtu hutazama chini kwa ujasiri. Akapuliza filimbi kidogo. Nadhani ni heshima.

Baiskeli sina. Fundi baiskeli aliye mkabala na duka letu amekubali kuniazima moja, mradi nimshonee pazia la karakana. Baiskeli ya milimani hasa! Matairi yana meno. Gia ya mbele inafanya kazi. Ya nyuma ina mawazo yake. Breki inalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Fundi anasema hilo ni jambo jema, watu watanipisha.

Jioni nimejaribu kuiendesha. Nimeanguka mbele ya duka la mikate nikiwa nimesimama. Sielewi mtu anaangukaje amesimama. Waliokuwa kwenye foleni walinishangilia, mmoja akaomba nirudie kwa kuwa hakuona vizuri.

Jumatano, 11 Septemba

Nimefikiri usiku kucha. Siri ya mbio za gizani haiko miguuni. Iko machoni! Mwanyumba na afanye mazoezi ya miguu mpaka imtoke. Mimi nitafanya mazoezi ya macho.

Kwanza, karoti. Mbichi, asubuhi, mchana na jioni. Pili, miwani myeusi kutwa nzima, ili macho yazoee giza. Mpango hauna kasoro.

Leo tulikuwa na kazi ya kutundika mapazia kwenye wodi ya watoto. Mapazia mazuri, samaki wa rangi rangi juu ya buluu, kashona mke wangu mwenyewe. Nikapanda ngazi na miwani yangu. Nikatundika. Nikashuka. Nikajipongeza.

Mchana muuguzi mkuu akapiga simu. Samaki wote wako chali, tumbo juu. Mtoto mmoja amewatangazia wenzake kwamba wamekufa. Wodi nzima inalia, na mmoja amekataa dawa mpaka samaki wazikwe.

Mke wangu alikwenda kuyageuza mwenyewe. Akarudi. Alinivua miwani, akaitia kwenye droo ya vifungo, akafunga kwa ufunguo. Ufunguo ukaingia mahali ambapo mume mwenye akili hautafuti.

Ijumaa, 13 Septemba

Viganja vimegeuka rangi ya chungwa. Mteja mmoja alikataa kunipa mkono. Macho yako vilevile.

Nimekwenda kilimani kwa mazoezi. Mwanyumba alikuwepo, amevaa nguo zinazombana mpaka mtu anaona aibu kwa niaba yake. Alinipita akipanda. Baadaye akanipita tena akipanda. Maana yake alishashuka katikati! Mara ya pili nilikuwa nasukuma baiskeli. Akauliza kama kuna tatizo. Nikasema nachunguza udongo.

"Chunguza vizuri, kaka," akasema, na pumzi anayo ya kutosha, akaendelea zake huku anapiga mluzi.

Mluzi! Kwenye mlima!

Usiku nilimwambia mke wangu kwamba mazoezi yamekwenda vizuri mno, na kwamba Mwanyumba alitaabika kuniona. Alikuwa anatia uzi kwenye cherehani chumbani. Hakuinua kichwa. Akasema, "Njia ya mwongo ni fupi."

Fupi!

Nilikaa wima kitandani. Fupi! Kwa nini sikufikiria? Nikambusu kwenye paji la uso. Akanitazama kwa mashaka. Mke mwema ni hazina.

Jumapili, 15 Septemba

Nimemwambia mama mkwe kwamba tumbo linanisumbua, nikaenda msituni.

Njia ya mashindano inaanzia uwanjani, inapanda hadi mnara wa maji, inazunguka mgongo wa kilima, kisha inateremka kurudi uwanjani. Ndefu bila sababu. Lakini chini kabisa, kabla ya mpando kuanza, kuna kijia cha wakata miti. Kinakata kilima kiunoni na kutokea kwenye mteremko wa mwisho. Mtu akipita pale, mnara wa maji atausikia kwa wengine tu.

Shida ni usiku. Mchana kijia kinaonekana, gizani hakionekani hata kwa karoti. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikata bitana nyeupe ya dukani, kile kitambaa cha ndani ya mapazia, vipande vyembamba, nikaenda nikivifunga kwenye miti, kimoja baada ya kingine, kwa fundo langu la mapazia ambalo halifunguki hata kwa dua. Mwanga wa taa ukivigusa vitawaka kama meno.

Huu si udanganyifu. Kanuni inasema mshindani afuate alama. Haikusema alama za nani.

Niliporudi nilikuta mama mkwe amemtuma mtu alete supu ya kuku kwa ajili ya tumbo langu. Dhamiri ilinichoma. Nikainywa. Ilikuwa na pilipili manga, ikatulia.

Jumanne, 17 Septemba

Mke wangu ameuliza bitana imekwenda wapi. Mapazia ya ukumbi wa mikutano hayatatosha. Nikasema panya. Akasema panya anayekata kwa mkasi, tena sambamba na uzi? Nikasema panya wa siku hizi wana ujuzi. Akanyamaza. Mke wangu akinyamaza, hata cherehani huogopa kulia.

Mchana Mwanyumba akaja dukani. Nilishtuka, nikaketi juu ya robota la bitana iliyobaki. Kumbe alitaka mapazia ya chumbani. Nikamwonyesha yale mazito yanayozuia mwanga wote, fahari ya duka. Akayashika, akayaacha upesi. Akasema anataka mepesi. Mepesi kabisa. Yanayopitisha taa ya barabarani. Nikamwambia yale yanafaa jikoni, si chumbani, mtu atalalaje? Akaangalia viatu vyake. Akasema basi atafikiri, akatoka.

Nimeelewa mara moja. Alikuja kupeleleza.

Alhamisi, 19 Septemba

Mkutano wa washindani wote kwenye ofisi ya uwanja. Mama Filimbi alieleza kwamba njia imewekewa utepe mwekundu. Kisha akasema msituni kumeonekana vitambaa vyeupe, je, kuna anayevijua?

Nikatazama dari. Dari lile limepigwa lipu vibaya sana.

Akasema basi ni wakata miti, ndio huweka alama zao huko, na mahali pao pana mashimo. Agizo ni moja: chochote cheupe, kaeni mbali nacho. Wote wakaitikia. Mimi nikaitikia kwa sauti kuliko wote. Mambo yanazidi kuninyookea! Kijia ni changu peke yangu sasa, kwa amri ya serikali ya filimbi.

Mwanyumba hakuwepo, alikuwa na mteja. Mama Filimbi akanishika bega, akasema wewe ni ndugu yake, mfikishie habari ya vitambaa vyeupe. Usisahau. Nikasema nisahauje?

Jioni nilishika simu nimpigie. Nikafikiri. Nikimwambia asifuate vyeupe, atajiuliza vyeupe vinakwenda wapi. Wauza bima ndivyo walivyo, wanaishi kwa kuuliza itakuwaje kama. Nikaweka simu chini. Nitamwambia kesho.

Ijumaa, 20 Septemba

Mvua tangu alfajiri. Sikumwambia. Mtandao haukuwa mzuri. Sikujaribu, lakini kwa mvua ile usingekuwa mzuri.

Jumapili, 22 Septemba

Naandika nimelala kifudifudi. Kukaa hakuwezekani.

Jana usiku. Watu wengi uwanjani, taa vichwani kama kundi la vimulimuli. Mama mkwe amekaa mbele kabisa, blanketi magotini, chupa ya chai mkononi. Shemeji pembeni yake. Mke wangu nyuma yao, mikono kifuani. Mwanyumba alinikumbatia kabla ya kuanza. Mikono yake ilikuwa baridi kama chuma. Nikasema moyoni, ameniogopa.

Filimbi ikalia. Wote wakatoweka. Kabla sijaingiza mguu kwenye kanyagio nilikuwa wa mwisho, na gia ya nyuma ikaamua kwamba usiku ule haina la kufanya. Lakini wa mwisho ndivyo nilivyotaka! Mjanja hapiti njia yake mbele ya macho ya watu. Kwenye njia panda nilisimama. Taa za wenzangu zilikuwa tayari juu, zinatambaa kuelekea mnara. Mkono wa kushoto utepe mwekundu umelowa, hauonekani vizuri. Mkono wa kulia, vyeupe vyangu! Vinang'aa! Kimoja, kingine, kingine, vimenyooka hadi gizani kama vinaniita kwa jina.

Nikaingia. Naandika ukweli: kwa muda fulani nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote duniani. Nilianza kutunga hotuba. "Mama yetu mpendwa, ambaye yu hai..."

Mbele kijia kikapotea. Mvua ilikuwa imekila. Palipokuwa na udongo pana korongo. Nikabana breki, breki ikalia ule mlio wake wa mbuzi, baiskeli ikasimama, mimi nikaendelea. Nilitua ukingoni, kwa makalio, juu ya kisiki.

Kutoka shimoni ikatoka sauti ndogo. Inasema, "Mbuzi? Wewe mbuzi, njoo. Njoo hapa, usiondoke."

Nikamulika. Mwanyumba! Amekaa kwenye matope hadi kiunoni, amekumbatia magoti, taa yake imevunjika, baiskeli yake ya fahari imepinda gurudumu kama chapati iliyokunjwa.

Akasema, "Kaka? Ni wewe? Nilidhani mbuzi. Nilifurahi sana."

Kwenye mpando taa yake ilianza kufifia. Utepe mwekundu akawa hauoni tena. Akarudi chini, akaona vyeupe, akavifuata, akidhani ndiyo njia. Kifundo cha mguu kimeteguka, kimevimba kama kiazi. Alikuwa amepiga kelele mpaka sauti ikakauka. Meno yanagongana. Lakini si baridi. Aliniambia mwenyewe, bila kuulizwa, kama mtu anayetapika: hawezi giza. Tangu utotoni. Nyumbani kwake taa ya ukumbini haizimwi, shemeji analalamika. Nikamuuliza sasa mbio za usiku amejiingizia nini, jamani?

"Kwa sababu yako," akasema.

Yangu! Eti kila anapokwenda peke yake kwa mama mkwe anaambiwa: tazama mkwe mkubwa, anashika nyundo, anapanda ngazi, wewe unashika kalamu tu na kuhesabu misiba ya watu. Miaka yote. Akaona afanye kitu ambacho hata mimi sithubutu.

Nikapigwa na butwaa. Mama mkwe! Mbele yangu anamsifu yeye, mbele yake ananisifu mimi! Nimeoa katika nyumba ya jemadari.

Sasa sikiliza, shajara. Kupitia miti niliziona taa za uwanja, chini kidogo tu. Upande wa pili wa korongo vitambaa vyangu viliendelea. Ningeteremka na kuingia kwa heshima, kisha nikaarifu watu wamfuate. Ni jambo la busara. Nikamwambia atulie, naleta msaada. Nikavuka na baiskeli begani, nikaenda hatua kadhaa. Taa yangu ikaenda nami, na nyuma yangu giza likafunga.

Hakuniita. Ningekwenda kama angeniita, ningekasirika, nikaenda. Nikasikia ananong'ona peke yake. Alikuwa anakariri majanga ya bima. Moto. Mafuriko. Wizi. Radi. Kuangukiwa na mti. Anayataja moja moja, pole pole, kama mtu anayebembeleza mtoto, na kila alipofika mwisho alianza tena.

Nikarudi. Sijui kwa nini. Miguu iligeuka.

Nilivua vitambaa kutoka kwenye miti ya karibu, ikabidi nivikate kwa meno, maana fundo langu ni fundo. Nikamfunga kile kifundo. Nikamvalisha taa yangu kichwani ili mwanga akae nao yeye. Nikamvuta kutoka shimoni, nikampandisha kwenye baiskeli yangu, nikashika kiti, tukasukumana kurudi tulikotoka, na kutoka pale hadi uwanjani. Tulianguka mara nyingi. Kila tulipoanguka alisema samahani, nami nikasema usijali, na breki ikalia.

Tulifika watu wanakunja viti. Mama mkwe akainuka, blanketi likaanguka. Shemeji akaja mbio akilia. Mwanyumba, kabla hata hajashuka, akawatangazia wote kwamba nimeacha ushindi wangu ili nimwokoe. Ushindi wangu! Watu wakanibeba juu. Walinishika pale penye kisiki. Nilipiga ukelele, wakadhani ni wa furaha.

Mama Filimbi peke yake hakuyumba. Kwa kanuni, mwenye kufika ni aliye juu ya baiskeli. Mwanyumba ni wa mwisho. Mimi sijafika. Mama mkwe akamwambia aipeleke kanuni yake na filimbi yake akalale, hotuba ni ya mkwe mkubwa!

Nikatafuta uso wa mke wangu. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mguu wa Mwanyumba. Anakitazama kitambaa. Akakishika ncha, akalipapasa fundo kwa kidole gumba. Akainua macho.

Njia nzima ya kurudi nyumbani hakusema kitu.

Jumanne, 24 Septemba

Amesema. Asubuhi, amesimama mlangoni na mkasi mkononi. Amesema fundo lile analijua kuliko saini yangu. Amesema mtu angeweza kufa mle shimoni. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Kisha akasema yeye hakuwahi kuomba mume mshindi, aliolewa na fundi akijua ni fundi, na akaridhika. Nina hadi sherehe kumwambia Mwanyumba mwenyewe, la sivyo atasema yeye.

Nikaenda. Nilikuwa nimeamua kabisa! Nilibeba na mapazia mepesi, zawadi, mepesi kuliko yote, yanayopitisha hata mawazo. Mwanyumba alikuwa sebuleni, mguu juu ya kigoda. Alipoyaona mapazia machozi yalimlengalenga. Shemeji akaniletea chai na keki. Nikakohoa. Nikaanza, kuhusu vile vitambaa vyeupe, ndugu yangu...

Akanikatiza kwa hasira. Akasema wakata miti wale ni watu wa ovyo. Hawana utu. Mtu anayetundika alama ya uongo msituni usiku anastahili kutundikwa yeye. Nikasema pengine hawakukusudia. Akasema watu wa namna ile hukusudia. Nikafikiri kidogo.

"Hawa wakata miti!" nikasema kwa uchungu, nikachukua keki nyingine.

Jumapili, 29 Septemba

Sherehe imekwisha. Niandike upesi kabla sijaanza kuikumbuka vingine.

Ukumbi ulijaa. Mapazia ya ukumbi ni yetu, mafupi kidogo kwa chini kwa sababu ya upungufu wa bitana. Mke wangu alikaa karibu nami, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeshasema. Nikasema nitasema kwa njia yangu. Nilikuwa na mpango. Nitoe hotuba tamu mno, watu wote walie, kisha Jumatatu, mioyo ikiwa bado laini, nimwambie Mwanyumba pembeni.

Nikasimama. Nikasema mama yetu mpendwa. Nikasema yu hai. Makofi! Nikaona ninaipata. Nikaeleza usiku ule, giza, mvua, korongo. Nilisimulia vizuri, nasema kweli, hata wapishi walitoka jikoni. Nikafika pale nilipoamua kurudi. Nikanyoosha mikono yote miwili. Nikasema, na mbele yangu, jamaa zangu, kulikuwa na uwanja, ushindi, na ule mstari mrefu wa vitambaa vyeupe nilivyovifunga kwa mikono yangu hii...

Nikajisikia.

Ukumbi nao ukanisikia. Kijiko kikaanguka mahali. Nikajaribu kuongeza kwamba nilimaanisha kwa mikono ya roho. Haikusaidia. Mama Filimbi, aliyekuwa meza ya tatu, alipuliza filimbi mara moja, ndefu.

Mama mkwe akaniamuru nikae. Nikakumbuka kisiki, nikabaki nimechutama. Akamwambia Mwanyumba aseme yeye, na aseme lolote analotaka kuhusu mtu huyu.

Mwanyumba akainuka kwa mkongojo wake. Alinitazama kwa muda. Uso wake ulikuwa mwekundu. Nikajiandaa kutundikwa.

"Mwenzangu huyu ni mjinga," akasema. Watu wakaitikia kama wako ibadani. "Alinichimbia shimo. Na mimi, kusema kweli, nilijitumbukiza mwenyewe, kwa sababu nilitaka mama huyu anione mimi badala ya yeye." Akaegemea mkongojo. "Lakini nilimsikia akiondoka. Nilisikia miguu yake. Halafu alirudi. Mimi nauza bima, jamani. Nawajua watu wanaoahidi kurudi. Huyu alirudi."

Akakaa. Hotuba ilikuwa hiyo tu. Mama mkwe akajifuta macho kwa kona ya kitambaa cha meza, akasema kwa kinyongo kwamba wote wawili ni hasara, na kwamba tulete keki. Mwanyumba akanisukumia sahani yake. Kisha akaniambia sikioni kwamba mapazia hayarudishi.

Mke wangu aliweka mkono juu ya mkono wangu, mezani, mbele ya watu. Viganja vyangu bado vina rangi ya chungwa. Hakujali. Akaniuliza, sasa umejifunza? Nikamwambia nimejifunza sana. Nilikuwa nasema kutoka moyoni. Kuanzia leo mimi ni mtu mwingine. Ushindani si kitu. Undugu ndio kila kitu.

Tulipokuwa tunatoka, Mama Filimbi alikuwa mlangoni anamweleza Mwanyumba kwamba Novemba kuna mashindano ya kupanda ngazi za jengo lile refu la ofisi, kutoka chini hadi paani. Mwanyumba akasema mguu utakuwa umepona. Mama mkwe akasema huyo ndiye mwanamume.

Jengo lile nilitundika mapazia ya kila ghorofa. Najua lifti ya mizigo iko wapi.